Fungu la Wanaokuja Nyuma

Kijana anayeanza kazi Dar es Salaam huanza na hesabu ya kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, wengine wanataka ya mwaka mzima. Dalali naye ana yake: kodi ya mwezi mmoja mkataba ukishasainiwa, na kabla ya hapo hela ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba, ambayo hairudi hata kama vyumba vyote havikufaa. Tuchukue chumba masta kinachopangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba 900,000, dalali 150,000, jumla 1,050,000. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma, tangu Julai 2025, ni 500,000 kabla ya makato. Mtumishi wa ngazi hiyo akifanya kazi miezi miwili bila kula, bila kupanda daladala na bila kumtumia mama chochote, bado hajaufikia mlango wa chumba hicho. Godoro hajanunua.

Na huyo ndiye mwenye ajira.

Akienda kusalimia nyumbani sikukuu, anakuta maneno mengine yanamsubiri. "Sisi umri wako tulishapiga msingi," anaambiwa na baba, na baba hadanganyi. Wengi waliokuwa na miaka thelathini mwaka 1985 walikuwa na kiwanja, au walau na matofali yaliyopangwa kwenye kiwanja cha ndugu. Kijana anainamisha kichwa kana kwamba ameulizwa kuhusu bidii yake. Swali linalostahili kuulizwa mezani pale ni lingine, tena ni swali la dini kabla ya kuwa la uchumi: waliofika mapema, wakakuta ardhi ipo, wana deni gani kwa waliozaliwa baada ya mgawo kwisha?

Waislamu wana jibu la tangu karne ya saba, na inasikitisha kwamba halisikiki mara kwa mara kwenye hotuba za Ijumaa. Majeshi ya Madina yalipoiteka Iraki, mashamba makubwa ya Sawad, yale yanayonyweshwa na Hidekeli na Furati, yaliangukia mikononi mwa askari. Desturi ya ngawira ilijulikana: humusi moja kwa hazina, nne kwa waliopigana. Mtume mwenyewe aliigawa Khaibar. Kwa hiyo askari walipomwendea Khalifa Umar bin Khattab kudai hisa zao, walikuwa na hoja, na waliowaunga mkono hawakuwa watu wadogo. Zubeir bin Awwam alikuwamo. Bilal, muadhini wa Mtume, alikuwamo, tena akisema kwa ukali.

Umar alikataa. Mjadala ulichukua siku, masahaba wakagawanyika, Ali na Uthman wakasimama upande wa Khalifa. Mwanasheria Abu Yusuf, aliyeandika kitabu chake cha kharaji, yaani kodi ya ardhi, kwa ajili ya Khalifa Harun Rashid zaidi ya karne moja baadaye, anaeleza kwamba hoja iliyomaliza ubishi ilitoka kwenye Surat al-Hashr. Aya zile zinawataja Muhajirina mafukara, kisha Ansari waliowapokea, kisha kundi la tatu: waliokuja baada yao. Umar aliona kwamba hao wa tatu wametiwa kwenye hesabu na Mungu mwenyewe. Ardhi ikigawiwa leo ikamilikiwa na kurithiwa, wao watakuta nini? Mashamba yakabaki kwa waliokuwa wakiyalima, yakatozwa kharaji, na mapato yake yakawa ya umma wa siku hizo na wa siku zinazokuja.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu ni rahisi kuisoma habari hii kama kisa cha kiongozi mwema na kupita. Askari wale walikuwa na watoto. Wangegawiwa Sawad, watoto wao wangeirithi, na kizazi cha pili kingekuwa na ardhi tele. Vizazi vijavyo vya askari havikuhitaji kutetewa na mtu. Umar alimtetea ambaye baba yake hakuwa vitani, au alifia njiani, au hakuwa amesilimu bado: mjane wa mji fulani, mtoto wa mgeni, mtu ambaye hakuna yeyote katika kikao kile aliyemjua jina. Haki kwa kizazi kijacho, katika uamuzi ule, ilimaanisha haki kwa watoto wa watu wengine.

Biblia inaligusa jambo lilelile kwa njia ya kalenda. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inaweka mwaka wa yubile, wa hamsini, ambapo ardhi iliyouzwa kwa shida hurudi kwa ukoo ulioiuza. Sababu inayotolewa ni kwamba ardhi ni ya Mungu na wanadamu ni wageni wake tu, hivyo hakuna anayeweza kuiuza moja kwa moja. Mtu akizaliwa katika ukoo uliofilisika, kuna mwaka unaojulikana ambapo ataanza upya. Hata hivyo sura hiyohiyo ina aya tatu ambazo mhubiri wa leo angezikuta zinauma. Nyumba ya kijijini, isiyozungukwa na ukuta, inahesabiwa pamoja na shamba na hurudi wakati wa yubile. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta hairudi. Aliyeiuza ana mwaka mmoja wa kuikomboa, na ukipita, nyumba ni ya mnunuzi milele.

Wafafanuzi wameeleza tofauti hiyo kwa namna mbalimbali, na iliyo nyepesi kueleweka ni kwamba shamba ndilo lililokuwa riziki. Asiye na shamba alikuwa hana chakula, ilhali asiye na nyumba mjini aliweza kwenda kwao. Mwandishi wa Walawi aliandikia watu ambao karibu wote walikuwa na kwao. Tanzania ya leo, kwa sensa ya 2022, ina watu milioni 61.7, na milioni 5.38 kati yao wanaishi Dar es Salaam. Mji huo ulikuwa na watu wasiofika 300,000 mwaka 1967. Mtoto aliyezaliwa Tandale, ambaye baba yake naye alizaliwa Tandale, akiambiwa arudi kwao hajui apande basi la wapi. Kwake mji ndio shamba. Roho ya sheria ile, ukiileta kwenye mazingira haya, inadai yubile ivuke ukuta wa mji.

Julius Nyerere aliliona hilo mapema, kabla hata ya kushika madaraka. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilikuwa na pendekezo la kuwapa Waafrika wa Tanganyika umiliki wa ardhi wa kudumu, unaouzika. Nyerere akajibu kwa kijitabu alichokiita Mali ya Taifa. Hoja yake inaanza kwa Mungu: ardhi ni zawadi kwa viumbe vyake vyote, haikutengenezwa na mtu. Kinachoweza kuwa cha mtu ni kile alichoongeza kwa jasho lake. Aliyefyeka msitu ana haki juu ya kazi ya kufyeka, aliyejenga ana haki juu ya jengo. Ardhi yenyewe ikiwa bidhaa, alionya, baada ya muda mfupi nchi itakuwa na wenye ardhi wachache na wapangaji wengi, na wapangaji hao watakuwa wakilipa ili kuishi katika nchi yao wenyewe.

Sheria ilimfuata kwa kiasi. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulifutwa, na hata leo, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, hati inatoa haki ya kutumia kwa muda usiozidi miaka 99. Ukisoma karatasi tu, Tanzania ni nchi ya Umar bin Khattab: ardhi ni ya wote, mtu ana haki ya matumizi. Ukitembea Goba, Kibamba au Chanika na kuuliza bei ya kiwanja, unakuta nchi nyingine.

Mzazi anayesema "tulijenga wenyewe" anastahili kusikilizwa kwa heshima. Ujenzi wa pole pole ni moja ya kazi kubwa zilizofanywa na watu wa kawaida katika Afrika Mashariki baada ya uhuru. Mkopo wa nyumba haukuwafikia wengi wao. Mwalimu wa shule ya msingi alinunua mifuko mitatu ya saruji mwisho wa mwezi, akafyatua matofali mwenyewe Jumamosi, akapandisha boma mwaka wa nne, akapaua mwaka wa saba, akahamia kabla ya madirisha. Jasho hilo ni lake na hakuna falsafa inayoweza kumnyang'anya.

Lakini nyumba ile leo haiuzwi kwa thamani ya jasho. Paa limechakaa, kuta zina nyufa, mnunuzi anakusudia kuibomoa siku ya pili. Anacholipia ni mahali. Na mahali hapakutengenezwa na mwalimu yule. Palitengenezwa na lami iliyofika, na umeme, na hospitali, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Barabara ya Morogoro mwaka 2016, na zaidi ya yote na umati wa vijana wenyewe waliokuja mjini wakihitaji pa kulala. Uhitaji wao ndio uliopandisha bei inayowafungia nje. Kiwanja mwalimu alikipata kwa bei ndogo, pengine kwa kugawiwa: na ofisi ya ardhi, na mjumbe, au katika mradi wa viwanja 20,000 ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipima Mbweni, Bunju, Tuangoma, Buyuni na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam. Mradi ule ulikuwa mzuri na ulihitajika. Aliyekuwa na umri wa miaka mitano wakati ule hakuwa kwenye foleni.

Kuna mgawo mwingine ambao ni mgumu zaidi kuutetea. Mwaka 2002 serikali iliamua kuuza nyumba zake kwa watumishi wa umma waliokuwa wakiishi humo. Ziliuzwa kwa maelfu nchi nzima, nyingine katika maeneo ghali kabisa kama Oysterbay, kwa bei ambazo soko lisingezikubali na kwa malipo ya awamu. Nyumba hizo zilikuwa zimejengwa kwa kodi za watu wa miaka mingi, tangu enzi ya ukoloni, kwa ajili ya mtumishi yeyote atakayeshika kazi: daktari wa leo, daktari wa kesho, hakimu atakayehamishiwa mkoani mwaka 2030. Kizazi kimoja cha watumishi kilizikuta, kikaishi humo, kisha kikazinunua na kutoka nazo. Suala hilo lilirudi bungeni mara kadhaa, likihojiwa hasa kuhusu wasiostahili waliouziwa. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, ila ilikuwa ndogo. Hata kama kila mnunuzi angekuwa mstahili kwa kanuni zilizowekwa, bado watumishi waliofuata wangekuwa wamepokonywa kitu bila kuwapo kikaoni. Hapakuwa na Umar wa kusoma aya ya tatu.

Miaka thelathini na mitano kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa kujua kwamba mwenye kupokea kodi za nyumba hatakuwa na haraka ya kuzipunguza. Aprili 1971 sheria ikatwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambayo baadaye yalifika mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zenye asili ya Asia zilipoteza akiba za maisha yao usiku mmoja, na uchungu huo haufai kufichwa nyuma ya lengo jema. Kisha mwaka 1991 uamuzi wa chama tawala uliofanywa Zanzibar ukaondoa katazo la nyumba za kupangisha. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 nayo ikafutwa mwaka 2005. Anayedaiwa miezi sita leo anaishi ndani ya maamuzi hayo mawili, na alikuwa mtoto au hajazaliwa yalipofanywa.

Pwani ya Kenya ina mfano mrefu zaidi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha hatimiliki za ardhi katika ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Waliojua sheria, waliokuwa na mawakili na nyaraka, walidai mashamba na viwanja vyao. Wengine wengi, hasa Wamijikenda na waliokuwa watumwa, hawakudai kwa wakati, na ardhi waliyoikalia ikawa ya dola au ya jina la mtu mwingine. Mombasa hadi leo ina kitu kinachoitwa nyumba bila ardhi: familia inamiliki kuta na paa, imezijenga na kuzikarabati kwa vizazi, inazirithi na kuziuza, lakini inamlipa mwenye ardhi kodi ya pale zilipokaa. Ukiwauliza wajukuu kwa nini wanalipa, jibu la kweli ni tarehe. Dirisha lilifunguliwa likafungwa kabla bibi zao hawajazaliwa.

Mfano huo unafundisha jambo ambalo mifano ya Dar es Salaam inaweza kulificha. Dhuluma baina ya vizazi haihitaji mtu mchoyo. Hata mgawo wa ukarimu hufunga mlango. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 ilijenga majumba marefu ya Michenzani, ambayo watu waliyaita treni, na kuwapa wananchi makazi bila kuwadai kodi. Kwa familia zilizotoka kwenye vibanda vya Ng'ambo ilikuwa heshima kubwa. Nyumba zile zikarithiwa. Wajukuu wa waliopewa wamebanana humo, wajukuu wa wasiopewa wanapanga Fuoni na Mwera, na nafasi zilizotolewa mara moja haziwezi kutolewa tena.

Sasa, upande wa wazee. Mjane wa miaka sabini mwenye nyumba ya vyumba sita Magomeni, ya ukumbi katikati na ua nyuma, anapangisha vinne na kuishi kwenye viwili. Hana pensheni, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani na hakuwahi kukatwa mchango wa mfuko wowote. Kodi ya vyumba vinne ndiyo dawa za presha, ndiyo unga, ndiyo ada ya mjukuu aliyeachiwa. Anadai miezi sita kwa mkupuo kwa sababu bati limetoboka na fundi naye anataka hela yake taslimu. Ukimwita mwizi wa kizazi kijacho umemdhulumu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ndogo bila kujali aliajiriwa au la, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara haina mpango kama huo kwa wote. Pasipo pensheni, mpangaji kijana ndiye mfuko wa pensheni wa mwenye nyumba mzee. Wawili hao wamefungwa pamoja kwa sababu dola haikusimama kati yao.

Familia nyingi zina suluhisho, na kwa kila familia linaonekana la haki: nyumba itabaki kwa watoto. Baba ana nyumba Kimara na kiwanja Bagamoyo, kijana wake atapata, subira yavuta heri. Mzazi anayewaza hivyo anadhani amelipa deni lake kwa kizazi kijacho. Amemlipa mwanawe. Kijana aliyepanga chumba cha jirani, aliyelelewa na bibi huko Kigoma, hakuguswa. Miaka thelathini ijayo vijana hawa wawili, wenye elimu moja na mshahara mmoja, watakuwa matabaka mawili tofauti, na mmoja atampangisha mwenzake. Pengo linaloonekana leo kati ya wazee na vijana litahamia ndani ya vijana wenyewe, nalo litakuwa gumu zaidi kuliziba maana litakuwa na sura ya urithi halali. Askari wa Sawad nao hawakuwa wakidai chochote haramu.

Thomas Paine, Mwingereza aliyeshiriki katika mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, aliandika kuhusu fumbo hili mwaka 1797. Hoja yake inafanana ajabu na ya Nyerere: dunia katika hali yake ya asili ilikuwa ya wote, mkulima ana haki juu ya alichoongeza, lakini kwa kujizungushia ardhi anadaiwa kodi na jamii nzima. Akapendekeza sehemu ya mali ya kila marehemu mwenye mali iingie mfuko wa taifa. Kutoka mfuko huo, kila kijana anayetimiza miaka 21 apewe pauni 15 za kuanzia maisha, na kila aliyefika miaka 50 alipwe pauni 10 kila mwaka hadi kufa. Kinachovutia ni kwamba mfuko ni mmoja. Paine hakuwapanga wazee na vijana kwenye pande mbili za mzani. Aliona kwamba wote wawili, aliye mwanzo na aliye mwisho, wamenyimwa kitu kilekile, na kwamba anayedaiwa ni mali yenyewe pale inapobadilisha mikono.

Serikali ya Kenya imejaribu njia nyingine. Tangu 2023 mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mahakama Kuu iliona mwezi Novemba mwaka huo kwamba tozo hiyo ilikiuka katiba, Bunge likapitisha sheria mpya, na Machi 2024 ikasainiwa. Nyumba zinajengwa, na hilo halipaswi kubezwa katika nchi ambayo katiba yake ya 2010, ibara ya 43, inamhakikishia kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Lakini tazama nani anachangia. Tozo inachukua kwenye mshahara, yaani kwenye jasho, kitu ambacho Nyerere na Paine wote walisema ni cha mtu mwenyewe. Kijana wa Nairobi mwenye mshahara wa kwanza, anayepanga Kasarani, anakatwa. Aliyerithi ekari mahali barabara mpya imepita, akakaa akisubiri bei ipande bila kuajiriwa na mtu, tozo hiyo haimgusi kwa ajili ya ekari zake.

Tanzania nayo inamwacha mwenye ardhi kwa namna yake. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, inakatwa kupitia luku, yaani pale umeme unaponunuliwa. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ambayo ingeweza kumfikia mwenye ardhi na kumkumbusha wanaokuja nyuma. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ameshalipa miezi sita, sasa analipa na kodi ya jengo lisilo lake, na kumwambia adai fidia kwa mwenye nyumba ni kumwambia ahame. Halafu kiwango ni kimoja: nyumba ya kawaida Masaki na nyumba ya kawaida Mbagala zinakatwa sawasawa, ingawa thamani ya viwanja vyake haina ulinganifu wowote. Umar, baada ya kukataa Sawad igawiwe, alimtuma Uthman bin Hunaif kuipima ardhi yote ili kila shamba litozwe kulingana na linavyoweza. Tangu karne ya saba inajulikana kwamba ardhi bora ilipe zaidi, na kwamba alipe mwenyewe.

Yapo ambayo hayasubiri Bunge. Umar huyohuyo, alipopata shamba zuri Khaibar na kuuliza alifanyie nini, aliambiwa na Mtume azuie asili yake na atoe matunda yake sadaka: lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Huo ndio msingi wa wakfu, na pwani yetu iliujua vizuri. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za wakfu, ambazo tume ya kuzisimamia ilianzishwa tangu 1905. Baadhi zimechakaa kwa sababu kodi zake ni ndogo kuliko gharama za ukarabati, na hilo ni tatizo la usimamizi linalotibika. Zilijengwa na watu waliokubali kwamba nyumba inaweza kuwa na wakazi wasiojulikana, wa miaka mia moja baadaye, na bado kazi ya kuijenga ikawa na maana.

Sheria ya mirathi ya Kiislamu inamruhusu mtu kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasio warithi. Mzee mwenye viwanja vitatu vya thamani sawa anaweza kuandika wosia wa kimoja leo, na watoto wake wasikose fungu lao. Parokia na misikiti mingi ina ardhi katikati ya miji, iliyotolewa zamani ilipokuwa rahisi, na mara nyingi ikipata fedha hujenga fremu za maduka kuzunguka ukuta kwa sababu fremu zinalipa. Ardhi hiyohiyo inaweza kubeba vyumba vya kupangisha kwa vijana wanaoanza kazi, kodi ikalipwa mwezi kwa mwezi, bila dalali, kwa muda wa miaka mitatu au minne, kisha chumba kikapokelewa na mwingine. Mapato yatakuwa madogo kuliko ya fremu, lakini yatatosha kukarabati bati na kulipa mlinzi. Kazi hiyo inahitaji uamuzi wa bodi ya wadhamini na ramani ya fundi, na wajumbe wengi wa bodi hizo ni wale wale waliopiga msingi wakiwa na miaka thelathini.